Siku Walipoukunja Uwanja

Waliukunja uwanja asubuhi ya Jumamosi. Waliuviringisha kama mkeka wa shughuli iliyokwisha, nyasi ndani, udongo nje, na kila ulipojikunja, mistari ya chokaa ilikatika ikaanguka vipande vipande kama maganda ya yai. Wanaume kumi na wawili waliusukuma mviringo ule hadi kwenye lori. Milingoti ya magoli ilikuwa imekwisha kung'olewa na kulazwa humo, nyavu zimefungiwa juu yake. Palipokuwa uwanja pakabaki udongo mwekundu, mtupu, kama kidonda kilichobanduliwa gamba lake.

Nyamizi alisimama pale kwenye udongo akiwa amevaa jezi ya manjano yenye mistari myeusi. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, fundi cherehani kwa kazi, lakini mji mzima ulimjua kwa kazi nyingine ambayo hakuna aliyewahi kumwajiri: alikuwa mtunzi wa nyimbo za Nyuki. Timu iliitwa Nyuki tangu babu zao, na kwa miaka thelathini hapakuwa na wimbo ulioimbwa jukwaani ambao haukutoka kwanza kinywani mwa Nyamizi, akiwa ameinamia cherehani, mguu ukikanyaga, midomo ikipanga vina.

"Wanakwenda nao kweli," alisema Mihambo, aliyesimama kando yake. Mihambo alikuwa mpiga ngoma wa jukwaa. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu. "Dada, uwanja unakunjwa? Mimi sijawahi kuona uwanja unakunjwa."

"Hata mimi."

"Basi mbona tunaangalia tu?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa askari, safu mbili, waliosimama kati ya watu na basi. Ndani ya basi walikaa wachezaji. Mlangoni alisimama Mwenyekiti wa timu, mtu mnene mwenye sauti nyororo, kipaza sauti mkononi. Alieleza kwamba mji ule ulikuwa umebaki nyuma. Alieleza kwamba ng'ambo ya tambarare kulikuwa na mji wa vioo, wenye watu wengi na taa nyingi, na Nyuki walihitaji maua mengi. Halafu akatabasamu.

"Wenye mapenzi ya kweli watatufuata," alisema. "Wahenga hawakukosea. Fuata nyuki, ule asali."

Kelele iliyopanda pale haikuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya watu elfu saba waliotukanwa kwa methali yao wenyewe.

Nyamizi hakupiga kelele. Alikuwa akitafuta dirisha moja, na alilipata, la nne kutoka mbele. Hapo alikaa Lugendo, nahodha. Jina lile kwa lugha ya bibi zao lilikuwa na maana ya safari, ila kwa miaka kumi na miwili watu walikuwa wameliimba bila kulisikia. Lugendo alizaliwa mtaa wa tatu kutoka kwa Nyamizi. Jezi yake ya kwanza, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, Nyamizi ndiye aliyeipunguza mabega.

"Lugendo!" aliita. "Lugendo wa Minza! Niangalie!"

Kijana aligeuka. Macho yao yalikutana, na katika kitambo kile kifupi Nyamizi aliamini kwamba atashuka. Kisha Lugendo aliinua mkono, akashika pazia, akalivuta.

Basi liliondoka. Lori likafuata na uwanja wao mgongoni.

*

Hasira ina mwendo wake. Siku ya kwanza huwa moto, nao watu walichoma jezi hata moshi wa manjano ukatanda juu ya mabati. Siku ya pili huwa ulimi. Wanaume walikaa vibarazani wakataja magoli ya Lugendo moja moja na kuyafuta, kwamba lile la kichwa aliotea, lile la mbali lilikuwa upepo. Siku ya tatu hasira huingia ndani ya nyumba, ikakaa mezani na watu, ikala nao. Mtu akimwomba mkewe chumvi, anaomba kama anayedai.

Lakini jambo lililowatia watu wazimu lilikuja mwisho wa wiki. Walilala Ijumaa, wakaamka Jumapili. Mwanzoni kila mtu alidhani amekosea yeye peke yake. Wakaulizana madirishani. Muadhini aliapa kwamba amehesabu sawasawa, padri naye aliapa kwamba hakuruka. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Jumamosi haikuja. Ilikuwa imeviringishwa pamoja na nyasi.

Na hapo ndipo Nyamizi, akiwa peke yake na cherehani isiyozunguka, alianza kuulizwa na nafsi yake swali lililokataa kuondoka. Timu ni ya nani? Kama ni ya Mwenyekiti, kwa nini yeye akifa Nyuki hawafi? Kama ni ya wachezaji, mbona wamepita wachezaji mia tatu na Nyuki wakabaki Nyuki? Basi ni ya watu wa jukwaani. Lakini kama ni ya watu wa jukwaani, imewezaje kuondoka nao wakabaki wamesimama? Mtu anawezaje kuibiwa kitu ambacho hakuwahi kukishika? Alikuwa ametoa sauti yake miaka thelathini. Sauti ikishatoka kinywani hairudi, na haina risiti. Huenda, aliwaza, kuna mapenzi ambayo mwenye kupenda ndiye anayeyatengeneza yote, nyuzi, kitambaa na vifungo, na mwenye kupendwa huvaa tu. Akivua, utamshtaki wapi? Na bado, na bado, uchi uliobaki si wake, ni wako. Hilo ndilo lililomchoma. Waliondoka wao, aibu ikabaki kwa walioachwa.

Jumatatu iliyofuata Jumapili iliyofuata Ijumaa, Mihambo aliwaita watu kwenye udongo mwekundu. Walikuja mamia. Mihambo hakuleta ngoma. Alileta jembe.

"Ndugu zangu," alisema, "mnanijua. Siku mke wangu anazikwa, mimi sikuwa makaburini. Ilikuwa fainali. Nilikuwa pale, safu ya kwanza, napiga ngoma, kwa sababu nilisema mke wangu ameshakwenda, Nyuki bado wapo. Watoto wangu hawajanisamehe mpaka leo." Aliegemea mpini wa jembe. "Sasa nataka kuuliza. Lugendo alipiga magoti mahali hapa, akalamba udongo, akaapa atakufa na jezi yetu. Ameondoka. Lakini ameacha kitu. Mama yake amelala katika ardhi yetu, pale nyuma ya kanisa la zamani. Mimi nasema, anayehama ahame na vyake vyote. Sisi si ghala la msaliti. Tumchimbue Minza, tumweke barabarani, amfuate mwanawe."

Halafu mtu mmoja akasema, "Ndiyo," na wa pili, na neno lile likatembea vinywani kama moto kwenye nyasi za kiangazi.

Je, Nyamizi alisema nini? Ukweli usemwe. Nyamizi alisema ndiyo. Aliona tena lile pazia likivutwa na akasema ndiyo kwa sauti. Aliongeza neno moja tu.

"Tumpe nafasi. Mimi nitakwenda. Nitamwambia arudi, au tuchimbe. Mkiona Jumapili saa nne asubuhi sijaja naye, shikeni majembe."

"Na ukija bila yeye?" aliuliza Mihambo.

"Nitashika langu."

*

Alitembea siku mbili katika tambarare. Njia ile haikuwa na kilima wala mti, na mtu asipokuwa na kitu cha kutazama hujitazama. Maneno yalimjia kwa hatua.

Nitamwambia. Nitamwambia wewe ni nani. Wewe ni mguu. Tulikuona ukiwa mguu tu, mwembamba, wenye kovu la baiskeli, tukakupa jina. Nani alikupa jina? Sisi. Nani alijua kwamba ukipiga kwa kushoto unauma ulimi? Mimi. Mwenyekiti anajua? Watu wa vioo wanajua? Nitamwambia.

Hapana. Sitamwambia kitu. Nitamzaba kofi.

Nitamzaba kofi, halafu nitamwambia.

Kadiri alivyotembea, ndivyo magoti yalivyoacha kumuuma. Siku ya pili alitembea kama mwanamke wa miaka hamsini, jioni kama wa arobaini, na hakufurahi, kwa sababu hasira nayo ilirudi ujana pamoja na magoti. Alipoingia katika mji wa vioo alimwuliza mwuza magazeti, "Leo siku gani?"

"Jumamosi, mama," yule alijibu, akimshangaa.

Jumamosi! Nyamizi aliegemea ukuta. Huku walikuwa nayo. Walikuwa nayo nzima, na jua lake la saa nane, na harufu yake ya mahindi ya kuchoma, na watu wakitembea upande mmoja wakiwa wamevaa manjano na nyeusi. Aliwafuata. Waliingia katika jumba kubwa la duara, naye akaingia nao, na chini kabisa, ukiwa umetandazwa, aliuona uwanja wao. Aliutambua kwa lile bonde dogo karibu na kona ya mashariki, ambapo maji ya mvua yalikuwa yakisimama na makipa kuteleza.

Ndipo aliposikia wimbo.

*Nyuki hana mlango,*
*nyuki hana kufuli,*
*mwenye mkono mrefu*
*arudi na uvimbe.*

Ulikuwa wimbo wake. Aliutunga wiki aliyofiwa na mumewe, alipokuwa hana la kufanya na mdomo wake ila kulia au kuimba. Aliyeuongoza sasa alisimama safu ya kwanza, mgongo wazi, mkono mmoja sikioni. Nyamizi aliteremka ngazi akisukumana na watu, akamshika bega, akamgeuza.

Aliona uso wake mwenyewe. Ni yeye, Nyamizi wa miaka thelathini iliyopita, mwanya uleule, alama ileile ya ndui juu ya nyusi.

"Wimbo huu umeutoa wapi?" aliuliza.

"Umekuja na timu," alisema yule mwanamke. Hakuonyesha kumtambua.

"Ni wangu."

"Haiwezekani, mama. Huu ni wetu. Tunauimba tangu siku nyingi."

"Siku nyingi gani? Wamefika hapa majuzi!"

Yule mwanamke alicheka bila ubaya, kama mtu anavyomchekea mgonjwa, akageukia uwanja, akaendelea pale alipoachia, bila kukosea hata neno. Watu waliomzunguka waliitikia. Waliitikia vizuri. Hilo Nyamizi hakuwahi kumsamehe mtu yeyote, kwamba waliitikia vizuri.

*

Mlinzi wa vyumba vya wachezaji alimwona mwanamke mwenye uzi begani na tepu ya kupimia shingoni, akamdhania mshona jezi, akampisha. Lugendo alikuwa peke yake kwenye benchi refu, anafunga kamba za viatu. Mechi ilikuwa haijaanza. Alipoinua macho, alisimama, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

Nyamizi hakuitikia. Aliiacha salamu ianguke sakafuni, na wote wawili wakaisikia ikianguka.

"Ulivuta pazia," alisema.

"Nilivuta."

"Nilikuita kwa jina la mama yako."

"Nilisikia."

"Uliapa, Lugendo. Ulilamba udongo mbele ya watu elfu saba."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mlikuwa mmenibeba mabegani. Mtu aliyebebwa mabegani haoni anakopelekwa, mama, anaona vichwa tu. Siku ile mngeniambia niape kwamba mimi ni mvua, ningeapa."

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Sikudanganya. Aliyeapa alikuwa mwingine."

"Mwingine!" Nyamizi alisogea hata akanusa dawa ya kuchulia misuli miguuni mwake. "Mwizi naye akikamatwa husema aliyeiba ni yule wa jana. Nisikilize. Sikuja kubembeleza. Mji umeamua. Kesho saa nne asubuhi, usiporudi nami, watamchimbua mama yako wamweke barabarani."

Lugendo aliketi. Muda mrefu alitazama kamba za kiatu kana kwamba amesahau fundo linafungwaje.

"Nani amesema?"

"Mji."

"Mji una mdomo wa nani?"

"Wa Mihambo. Na wangu. Nilisema ndiyo."

"Wewe." Alilisema neno lile kwa upole, kama anayethibitisha. "Sawa. Inafaa uwe wewe. Mama, unaukumbuka ule mwaka niliokosa penalti?"

"Nusu fainali. Ulipaisha."

"Nilipaisha. Na baada ya hapo, unakumbuka nini?"

Nyamizi alifikiri. Alikumbuka mpira ukipanda juu ya mwamba wa goli. Alikumbuka mvua. "Tulirudi nyumbani tukiwa na huzuni," alisema.

Lugendo alianza kuimba, chini chini, bila kumtazama.

*Minza kazaa mguu,*
*kichwa kakiacha tumboni;*
*mrudisheni mkunga*
*akamtoe aliyebaki.*

"Mihambo aliupigia ngoma mlangoni kwetu siku tatu," alisema. "Asubuhi hadi jioni. Mama akienda kisimani, wanawake wanauimba. Akienda sokoni, wanauimba. Watoto wakaurukia kamba. Mama aliacha kutoka. Baadaye akayeyusha nta, akaziba masikio. Akaishi hivyo miaka minne, mama yangu, amezibwa nta masikioni. Nilikuwa nikimwita kutoka mlangoni haniitikii. Amekufa hakumbuki sauti yangu ikoje." Alivuta kamba, ikakaza. "Nilijua ni wimbo wako. Hakuna mwingine anayepanga vina namna ile."

Nyamizi alifungua kinywa. Alitaka kusema si kweli. Lakini vina vilikuwa vimekaa mahali pake, vimebanana, na mkono wake ulionekana katika kila neno kama mshono wake ungeonekana katika nguo yoyote. Ni yeye. Aliutunga usiku mmoja kwa hasira, akauimba, akausahau. Mtunzi husahau. Aliyetungiwa hasahau.

"Mbona hukusema?" aliuliza, na sauti ilikuwa imepungua.

"Nimwambie nani? Mechi iliyofuata nilifunga mawili. Mkanibeba tena."

"Kwa hiyo hiki ni kisasi. Umetuacha ili tuumie."

"Hapana." Hapo tu ndipo alipomtazama usoni. "Na hili ndilo litakalokuuma zaidi. Sikuwafikiria. Niliambiwa panda basi, nikapanda. Nilipovuta pazia, jua lilikuwa linanipiga machoni. Ukitafuta sababu kubwa, mama, sina."

Damu ilimpanda Nyamizi kichwani. Angeweza kuvumilia chuki. Chuki ni uhusiano. Miaka thelathini, jukwaa zima, mke wa Mihambo aliyezikwa bila mume, na ng'ambo ya pili hapakuwa na kitu, palikuwa na kijana anayekerwa na jua. Alimzaba kofi. Alimzaba la pili. Lugendo hakujikinga.

"Rudi," alisema Nyamizi, akihema. "Rudi hata kwa siku moja. Kwa ajili yake."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikirudi kesho mtanibeba. Nikikosa kesho kutwa mtamchimba tena. Siwezi kuwa namwokoa mama yangu kwa miguu kila Jumamosi. Mimi ni mtu mmoja, na miguu yangu inaisha."

Nje umati uliita jina lake. Aliinuka.

"Basi niwaambie nini?" Nyamizi aliuliza.

"Waambie unachotaka," alisema Lugendo. "Wewe ndiye mtunzi."

*

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda, na ilimrudishia magoti yake, na miaka yake yote, na mingine michache ya ziada. Jumapili ilipofika saa nne asubuhi, alitokea nyuma ya kanisa la zamani. Walikuwa wamekwisha kusanyika, wanaume na wanawake, majembe mabegani. Kaburi la Minza lilikuwa dogo, lenye mawe meupe pembeni na msalaba wa mbao uliolala upande. Mihambo alisimama kichwani pake.

"Uko peke yako," alisema.

"Niko peke yangu."

"Amesemaje?"

Uongo ulikuwa tayari kinywani mwake, umeiva. Angeweza kusema analia. Angeweza kusema amefungwa kwa minyororo katika mji wa vioo, anaomba msamaha, atarudi mwezi ujao. Wangemwamini. Wangetupa majembe wakacheza, na yeye angeimba, na mji ungeishi kwa wimbo ule mwaka mzima. Ilikuwa kazi nyepesi, kazi aliyoifanya maisha yake yote: kuwaambia watu wa jukwaani kwamba wanapendwa.

"Harudi," alisema. "Na hakutuchukia. Hakutufikiria kabisa. Alivuta pazia kwa sababu ya jua."

Ungurumo ulianza nyuma, ukaja mbele. Mihambo aliinua jembe. Nyamizi alipita chini ya mkono wake, akaketi juu ya kaburi, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyoketi matangani.

"Ondoka, dada. Ulisema utashika jembe lako."

"Nilisema. Anayetaka kuchimba aanze na mimi. Nyote mnaujua wimbo wa Minza kazaa mguu. Mmeusahau? Mimi nilikuwa nimeusahau. Niliutunga mimi, Mihambo akaupigia ngoma, ninyi mkauimba. Mwanamke huyu aliziba masikio kwa nta miaka minne ili asitusikie. Leo mnataka kumtoa nje ili mmwimbie tena?"

"Mwanawe ni msaliti!" mtu alipiga kelele.

"Ndiyo. Ni msaliti. Nimemzaba makofi mawili, na mkono ungali unawasha. Lakini sisi tulimwuza mama yake kwa penalti moja, na tulipomaliza tukamwomba mtoto atufungie magoli."

"Usitubadilikie, Nyamizi!" Sauti ya Mihambo ilipasuka. "Unajua nilichotoa mimi? Unajua? Sikumtia mke wangu udongo! Nani atanirudishia siku ile? Wameichukua, wamekwenda nayo! Nani atanirudishia?"

Alipiga jembe chini kwa nguvu zake zote. Lilizama sentimita chache kutoka kwenye goti la Nyamizi, na jiwe moja jeupe likapasuka. Nyamizi hakusogea. Alimtazama mzee yule, akamjibu kama mtu anavyomjibu kaka yake.

"Hakuna atakayekurudishia. Hata ukichimba mpaka chini kabisa, Mihambo, humu hutamkuta mkeo."

Mihambo aliuachia mpini. Alisimama akiangalia lile jembe lililosimama peke yake kaburini. Kisha alimtemea Nyamizi mate. Yalimpata shavuni.

"Msaliti," alisema. "Tangu leo usiniite kaka."

Akageuka, akaondoka. Wengine wakamfuata, si wote kwa pamoja. Waliondoka kama watu wanavyoondoka uwanjani timu inapofungwa dakika za mwisho, mmoja mmoja, bila kuangaliana, kila mtu akimtafuta wa kumlaumu, na wengi wao, walipompita Nyamizi, walilirudia lile neno. Msaliti. Mwanamke ambaye Nyamizi alimshonea bintiye gauni la harusi alilisema. Muadhini alilisema. Alilisikia kutoka kwa kila mmoja, na hakuyafuta mate mpaka wa mwisho alipopita lango la kanisa.

Palipokuwa patupu, aling'oa jembe. Aliokota vipande vya jiwe lililopasuka, akavirudisha mahali pake, akausimamisha msalaba na kuushindilia udongo kwa kisigino. Kifua kilikuwa kikimwaka. Alikuwa na hasira na Mwenyekiti na tabasamu lake, hasira na wale walioitikia vizuri, hasira na Mihambo, hasira na ulimi wake. Alikuwa na hasira na Lugendo kuliko siku ya basi, na alijua haitaisha, na hakutaka iishe.

Aliinama, akaweka kiganja juu ya kaburi.

"Mwanao ni mbwa, Minza," alisema. "Sijamsamehe. Na wewe usinisamehe mimi. Lakini lala. Makelele haya nitakaa nayo mimi, huku juu."